Mjerumani hakuzika dhahabu chini ya michoro ya Kondoa

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu kazi yangu huanza vilevile. Shikamoo, habari za nyumbani, habari za kazi, kisha sauti inashuka: "Mtaalamu, kuna mzigo." Mzigo wenyewe ni sarafu, au jiwe lenye msalaba, au sanduku ambalo hakuna aliyeliona kwa macho ila mganga amelithibitisha. Anayepiga hana haja ya kujua kitu ni cha lini wala kilitoka wapi. Anataka bei, na kama namfahamu mnunuzi. Mnunuzi simfahamu. Kazi yangu ni mambo ya kale, na nimechoka kumweleza mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja ili mtu akipiga nimtumie.

"Wajerumani walizika dhahabu wakati wa vita, na michoro ya mapangoni ndiyo alama zao"

Hii inanikera kuliko zote, mtanivumilia nikikaa nayo.

Ukizunguka miamba ya Kondoa, kuanzia Kolo kwenda Pahi na Kisese, utaona michoro myekundu ya watu wembamba wenye nywele kubwa, twiga, pofu na tembo. Eneo hili lina miamba yenye michoro zaidi ya 150, na liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukishusha macho kutoka kwenye mchoro hadi chini, mara nyingine unakuta shimo. Shimo la sururu, limechimbwa usiku, hapo hapo mguuni pa mwamba. Hata Mongomi wa Kolo, mahali ambapo wenyeji bado wanakwenda kufanya matambiko, hapakusalimika.

Mantiki ya wachimbaji ni hii: mzungu alikuwa na dhahabu, akazidiwa vitani, akaizika, akachora picha ili arudi kuifukua. Tuanze na tarehe. Utawala wa Kijerumani huku ulianza miaka ya 1880. Michoro mingi ya Kondoa ina umri wa maelfu ya miaka, na wachoraji wake wa zamani walikuwa wawindaji na waokotaji ambao watafiti wanawahusisha na jamii kama Wasandawe, majirani zetu hadi leo. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipofika Kolo mwaka 1951 kuinakili, alikuta baadhi imepakwa juu ya mingine, rangi juu ya rangi, kazi ya vizazi vingi. Ofisa wa Kijerumani anayekimbia risasi hana muda wa kumchora twiga kwa udongo mwekundu, kisha kumsubiri afifie ili mwingine achorwe juu yake.

Sasa hiyo dhahabu. Hebu tuihesabu.

Fedha ya koloni ilikuwa rupia ya fedha, na kuanzia 1904 rupia moja ikawa heli 100. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza ziliziba pwani na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuja. Serikali ya koloni ikaishiwa. Ilifanya nini? Ilichapa noti za muda humu humu nchini, mwaka 1915 na 1916, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Tabora, mwaka 1916, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu: heli 20 na heli 5 zikagongwa kwa shaba ya njano, nyingine ikitoka kwenye maganda ya makombora yaliyokwisha kupigwa. Hapo ndipo ilipotengenezwa na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, inayowatoa watu udenda. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba.

Sarafu hizo za tembo zilikuwa zipatazo 16,000. Kila moja ina uzito wa gramu saba na kidogo, na robo tatu tu ya uzito huo ni dhahabu. Piga hesabu: dhahabu yote haifiki kilo 90. Si kwa shimo moja, ni kwa koloni zima. Na hazikuzikwa. Zilitolewa kuwa malipo, zikatumika, zikaingia mifukoni mwa watu, na leo zinauzwa na kununuliwa hadharani kwenye minada ya wakusanyaji wa sarafu Ulaya. Wabelgiji walipoichukua Tabora Septemba 1916, kiwanda kikawa kimeisha.

Serikali yenye masanduku ya dhahabu ya kuzika haiyeyushi maganda ya makombora ili iwalipe askari wake. Hili silielezi tena.

Kuna wanaosema Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, aliibeba dhahabu hiyo. Jeshi lake lilitembea kwa miguu na mizigo yake ilikuwa vichwani mwa wapagazi, ambao kila siku walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi. Kila kichwa kilihitajika kwa chakula na risasi. Lilivuka Ruvuma Novemba 1917, likazunguka Msumbiji, likarudi, na likasalimu amri Mbala, iliyokuwa ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918. Nionyesheni kwenye safari hiyo mahali pa kupindia na kreti za dhahabu hadi kwenye kilima cha Kolo.

Nakubali jambo moja, maana ndilo linaloipa hadithi hii uhai: vita vilifika kweli Kondoa. Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliingia mjini, na Mei Lettow-Vorbeck akajaribu kuyafurusha, akashindwa. Kwa hiyo mtu akilima akapata ganda la risasi, kifungo cha koti au kikopo cha bati, hajaota. Ni vitu vya vita. Kosa linaanza pale anaposema palipo na risasi lazima pana sanduku. Majeshi yote mawili yalipopita katika nchi hii ya kati yalizoa ng'ombe, nafaka na vijana. Waulizeni wazee wa Ugogo kuhusu Mtunya, njaa iliyoanza 1917. Hiyo ndiyo iliyobaki ardhini baada ya Mjerumani, na hakuna anayekwenda kuichimba.

Kuhusu alama nyingine: msalaba uliochongwa juu ya jiwe, mshale, namba, nguzo fupi ya zege kileleni. Hizo ni alama za wapima ardhi. Wajerumani walipima, Waingereza wakapima, na sisi tumepima. Bikoni ikishang'olewa, kinachopatikana ni zege na nondo, kisha mwaka unaofuata vijiji viwili vinagombana mpaka na hakuna anayekumbuka nani aliing'oa.

Anayetajirika kwenye machimbo haya namjua kwa kazi yake hata kama simjui kwa jina. Wa kwanza ni mganga, anayelipwa kumtuliza jini mlinzi: mbuzi mweusi, kitambaa chekundu, na ada inayoongezeka kila mara jini anapokasirika. Wa pili ni mwenye detekta anayekodisha mashine kwa siku. Mashine italia, hiyo ni hakika, kwa sababu udongo wenye chuma nao unailiza. Wa tatu ni dalali anayesema mnunuzi yuko njiani anatoka Dar na anahitaji nauli. Vijana walioshika sururu hulipwa ahadi. Nimewaona wameuza mahindi ya akiba, na mmoja ameuza ng'ombe wa mahari ya dada yake, kwa ajili ya shimo ambalo mvua ya kwanza imelijaza maji.

Mnachokiharibu ni nini? Ingia katika shimo moja utazame ukuta wake. Juu kuna vumbi na samadi ya mbuzi. Chini yake kuna mstari wa majivu, unene wa kidole gumba: mtu aliwasha moto hapo akalala. Chini ya majivu udongo wa kahawia una vipande vikali vya jiwe jeupe, makapi ya mtu aliyekaa akichonga zana. Chini zaidi kuna mkaa, na pengine kijiwe chekundu kilichosuguliwa upande mmoja hadi kikawa bapa, yaani rangi yenyewe, labda ya mchoro ulio juu ya kichwa chako. Ukiviona katika mpangilio huo unaweza kusema kipi kilitangulia kipi, na mkaa ukapimwa umri. Sasa toka nje uone rundo la udongo uliotupwa: vyote vimechanganyika na betri za tochi na chupa za maji. Hakuna mtaalamu duniani atakayevirudisha. Na lile vumbi lililotimka wakati wa kuchimba limeganda ukutani juu ya michoro.

Mfano wa kinyume upo hapo hapo Kondoa. Kisese, kwenye pango linaloitwa Kisese II, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba mwaka 1956. Alitoa, pamoja na mengine, shanga ndogo za maganda ya mayai ya mbuni, nyingi hazifiki sentimita moja. Dalali hatakupa hata nauli kwa ushanga wa namna hiyo. Lakini ziliwekwa kwenye vifuko, kila kifuko kikaandikwa kina ambacho kitu kilitoka, zikatunzwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Miongo sita baadaye watafiti walivifungua vifuko vile, wakapima umri, na ikajulikana kwamba watu wa Kondoa walikuwa wakitengeneza shanga zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Zimo miongoni mwa mapambo ya kale zaidi ya aina hiyo yanayojulikana. Kilichowezesha hayo ni maandishi juu ya kifuko. Ushanga ule ule ukiwa mfukoni mwa mchimbaji wa hazina ni taka.

"Rupia halisi inavuta mchele"

Haivuti. Rupia ya Mjerumani ni fedha, zaidi ya asilimia 90, na fedha haina sumaku. Mchele nao hauna chuma. Ikivutwa na sumaku, basi ni chuma kilichopakwa, umeuziwa feki. Ile yenye Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia yenye tai ilitengenezwa kwa mamilioni. Ipo kwenye makopo ya mabibi zetu. Bei yake haijengi nyumba.

"Ndani ya cherehani za zamani, au kwenye bomba la boma, kuna zebaki nyekundu"

Wanasema ni zebaki ya ajabu yenye thamani kubwa mno. Hakuna kitu hicho. Hakipo kwenye cherehani, hakipo kwenye kiota cha popo, hakipo kwenye kaburi. Mwaka 2009 uvumi huu ulivuma Saudi Arabia hadi watu wakanunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kichaa. Zilibaki cherehani.

"Nimekipata shambani kwangu, ni changu"

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haisemi hivyo. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa, na kukichimba kwa makusudi bila leseni ya Mambo ya Kale ni kosa, shamba liwe la nani. Ukikikuta kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa. Leseni ya kutafuta madini si leseni ya mambo ya kale. Mtu asikudanganye kwa kukuonyesha karatasi yenye muhuri wa madini. Kenya nao wanayo yao ya mwaka 2006, na mpaka wao ni vitu vya kabla ya 1895.

Wajanja huniambia: vitu vya Mjerumani ni vya baada ya 1863, kwa hiyo ruksa. Kwanza, Waziri ana mamlaka ya kutangaza kitu au jengo la baadaye lilindwe pia, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 imetajwa kwenye sheria yenyewe. Pili, sururu haiulizi mwaka. Ukiitafuta 1916 chini ya mwamba wa Kolo, umeshapitisha chuma kwenye maelfu ya miaka kabla hujafika popote.

"Mabakuli ya makaburini hayana mwenyewe"

Nenda Kunduchi au Kaole ukaangalie makaburi ya nguzo. Wenyeji wa pwani walipamba makaburi ya wakubwa wao kwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China, yakiwa yamezamishwa kwenye chokaa. Leo mengi yamebaki matundu ya duara, na kwenye ukingo wa tundu unaona alama za tindo. Chokaa ile imeishika kauri kwa nguvu, kwa hiyo aliyegonga aliondoka na vigae. Amevunja kaburi la mtu, amevunja bakuli, na hana cha kuuza. Na mwenyewe yupo: amelala chini yake.

"Ninyi wataalamu nanyi ni wachimba hazina, tofauti ni vyeti"

Historia inawapa haki kidogo wanaosema hivi. Mwaka 1895 kule Zimbabwe ya leo iliundwa kampuni kwa kazi hiyo tu, Rhodesia Ancient Ruins, ikiwa na ruhusa ya kampuni ya Cecil Rhodes ya kutafuta dhahabu kwenye magofu. Ilifukua makaburi na sakafu, na mapambo ya dhahabu yakayeyushwa. Baadaye kidogo, 1902 hadi 1904, Richard Hall aliyewekwa kuwa mtunzaji wa Great Zimbabwe alizoa tabaka za udongo za Waafrika walioishi pale, akizitupa kama takataka, kwa sababu alitaka kuthibitisha kwamba mji ule ulijengwa na wageni. Yule hakuuza kitu, na bado aliharibu ushahidi wa nani aliujenga. Kwa hiyo cheti peke yake si kinga, hilo nakubali.

Lakini tofauti ipo, na inaonekana. Tazama Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia chini ya Mark Horton walifikia akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote ndogo za fedha, pamoja na chache za dhahabu kutoka nje. Hizo za dhahabu, kwa kuwa miaka yake inasomeka, ndizo zilizosaidia kuziweka za fedha katika karne ya 11, na majina ya watawala wa pwani yaliyo juu yake yakapata wakati wao. Angelifika mtu wa sururu kwanza angezitenga: za dhahabu kwa sonara, za fedha kwa mtalii mmoja mmoja pale Mji Mkongwe. Tusingekuwa na chochote cha kusema kuhusu watawala hao. Sisi hatuuzi. Siku mtaalamu akikuuzia, au akinunua kwako, mripoti. Hata akiwa mimi.

"Wazungu walibeba vyetu, acha nasi tufaidi"

Hii ndiyo hoja pekee inayonifanya ninyamaze kidogo kabla ya kujibu, maana sehemu yake ya kwanza ni kweli. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa hadi pwani vichwani na mabegani mwa watu, zikapelekwa Berlin, na yule mkubwa amesimama makumbusho hapo hadi leo, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake lilikumbukwa mwaka 2007 alipopewa dinosaria mmoja, *Australodocus bohetii*. Umma wa Lindi umepata nini? Hasira hiyo ninayo pia.

Sasa tazama sehemu ya pili ya hoja. Ukichimba usiku na kumuuzia dalali, kitu kinakwenda huko huko. Mnunuzi wa mwisho si jirani yako wa Kondoa. Tofauti ni kwamba mifupa ya Tendaguru ina orodha, ina tarehe, kila shimo lilipewa jina. Siku tukidai, tunajua tunadai nini. Kitu kilichotoka kwenye shimo lako hakina karatasi, na hakitarudi kamwe kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kilikuwepo.

Wagiriama wanalijua hili kwa uchungu. Vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee wa gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, viling'olewa pwani ya Kenya kwa miaka mingi vikauzwa kwa watalii na maduka ya sanaa, vingi vikaishia makumbusho za Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu baadaye viliibwa. Miaka mingi ikapita, na Udvardy akakitambua kimoja kwenye mkusanyo wa Illinois State Museum. Kingine kikaonekana Hampton University Museum. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa Kenya. Vipo vingine kwa mamia ambavyo havikuwahi kupigwa picha vikiwa mahali pake, na familia zake hazina cha kuonyesha.

Ndiyo maana ushauri wangu ni ule ule kila siku, na watoto wangu wananicheka kwa kuurudia. Umekuta kitu? Usikitoe. Kipige picha kikiwa hapo hapo ardhini, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha mti, nyumba au mwamba wa jirani. Andika jina la kitongoji na tarehe. Peleka picha na maandishi hayo kwa ofisa utamaduni wa wilaya, na kama hayupo, kwa mtendaji wa kijiji, akuandikie kwamba wewe ndiye uliyetoa taarifa. Ikiwa ni sarafu na umeshaitoa, usiisugue kwa limau, majivu wala steli waya. Hayo maandishi unayoyang'arisha ndiyo unayoyafuta. Na ikiwa ni kitu cha chuma chenye ncha, kizito kuliko kinavyoonekana, hasa maeneo ya vita kama Kondoa, Tanga au Mahenge, usikiguse kabisa. Weka matawi kuzuia watoto na uwaite polisi, kwa sababu kombora la 1916 linaweza bado kulipuka.